Mikono Safi ya Kigwa

Jumatatu, 1 Oktoba

Kigwa. Nimechanja kutwa nzima. Sindano motoni, pamba, spiriti, dawa, mikwaruzo miwili, anayefuata. Mgongo unauma. Watu hawaji mpaka wafuatwe, na tarishi wa mwanangwa, mkuu wa kijiji, hana mchezo, anawaleta kwa fimbo. Mmoja alijificha ndani ya kihenge cha mtama. Wamemvuta kwa miguu, kichwa kikigonga boriti. Nimemchanja damu ikimtoka puani. Sikumwonea huruma. Ndui inakuja na reli. Askari wanarudi kutoka Burma wamebanana ndani ya mabehewa, na hapa mtu mzima anajizika kwenye mtama.

Usafi kwanza. Hilo nimelijua wodi ya majeruhi, miaka mitatu ya kufunga vidonda. Usaha ni uchafu, uchafu ni kifo. Chanjo yenyewe daktari alitufundisha asubuhi moja tu, kisha akatugawia masanduku. Namimina spiriti mpaka inatiririka kwenye kiwiko, na nachanja ngozi ikiwa bado inameremeta, vumbi lisipate nafasi ya kurudi. Mwanamke mmoja nilishamsafisha, akajipangusa kwa kanga. Nilimpiga kofi. Nikamsafisha upya.

Jumatano, 3 Oktoba

Igalula, nyumbani. Leo ilikuwa zamu ya mama yangu na binti yangu Milka.

Milka ana miaka sita. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, basi huyu ndiye niliyebaki naye. Anakaa kwa mama kwa sababu kazi yangu ni ya baiskeli na treni. Nimemchanja kwa mkono wangu mwenyewe. Spiriti mara mbili, halafu ya tatu. Ilimchoma, akalia, akaniuma kidole. Nilicheka. Watoto wa Igalula wote wakifa, huyu hafi. Nimeandika na sifuti.

Mama alisema naharibu dawa ya serikali kwa kumwogesha mtoto. Nilimwambia anyamaze, halafu nikaona haya. Mama hanyamazishwi.

Jumanne, 9 Oktoba

Siku ya nane lazima urudi uangalie mikono. Nimerudi Kigwa. Furaha tupu. Hakuna lengelenge, hakuna usaha, wengine huwezi hata kuona sindano ilipopita. Nimeandika safi, safi, safi, ukurasa mzima.

Aliyeniharibia siku ni bibi Nyamizi. Uso wake una matundu ya ndui ya zamani, ya enzi za misafara. Anasema wakati ule walichanjana wenyewe kwa mwiba, na usaha wa mgonjwa. Alimshika mjukuu wake mkono, akauinua mbele ya watu wote. "Hapa pameota nini, mwanangu? Hapajaota kitu. Chanjo isiyooza ni mkwaruzo wa paka."

Watu wakacheka. Nilimwambia aondoke. Hakuondoka. Nilimsukuma akaangukia mafiga. Akainuka, akatemea mate kiatu changu. Tarishi akamchapa mbili za mgongo, na mimi sikumzuia. Bibi kizee hajui hata kuosha kibuyu, ananifundisha kazi.

Ijumaa, 12 Oktoba

Tabora. Nilikuwa stesheni treni ya Kaliua ilipoingia. Watoto walishuka mikono imevimba, kila bega lina lengelenge la usaha, nzi wamejaa. Mama mmoja alimkinga mtoto wake kwa kitenge, anatembea kwa kunyata asimguse pale pabaya. Nikauliza nani kawachanja. Luhende.

Nilijua. Mimi nimepewa vijiji vya mashariki, Luhende vya magharibi mpaka Kaliua. Dresa mwenzangu, wa kufunga vidonda. Ananiita Bwana Usafi mbele ya wagonjwa. Nilimkuta stoo. Sanduku lake liko wazi, dawa ya chanjo imekwisha yote, chupa za spiriti zimekauka, na mdomo wake unanuka spiriti kutoka mlangoni. Hakuficha. "Maji ya kisima yanatosha kuoshea, Bwana Usafi. Ile nyingine ina kazi yake."

Mimi ni Mkristo, sinywi hata togwa iliyolala. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akashika ukingo wa sanduku asianguke. Nikabamiza kifuniko juu ya mkono wake wa kulia, nikakikalia. Vidole vilialika. Alipiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka wodini. Nilikaa palepale.

Kisha nikaandika taarifa. Wizi wa spiriti, kuozesha mikono ya watu. Wamemchukua mahabusu na mkono wake umefungwa kitambaa. Najisikia vizuri. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Jumatano, 17 Oktoba

Ndui imeingia Kigwa.

Daktari yuko Nzega, hajarudi. Nimekwenda peke yangu na tarishi. Nyumba saba. Yule wa kihenge amelala mlangoni, uso wote umeumuka, macho yamefunga. Nilishika mkono wake. Niliuandika safi, na ni safi kweli. Sikuelewa kwa dakika moja hivi, halafu nikaelewa. Wameosha. Nilipogeuka tu walikwenda kisimani wakaosha dawa. Nilimkamata ndugu yake nikamuuliza, akakataa. Nikamchapa kwa pampu ya baiskeli. Akakataa tena. Alipokatika sikio alikubali kwamba waliosha, wote, kijiji kizima.

Amri ya ndui ni moja. Mgonjwa atengwe, nyumba ichomwe na matandiko yake. Tumewabeba wagonjwa kwenye banda nje ya kijiji. Nimejifunga kitambaa usoni, nimenawa spiriti mpaka ngozi ya viganja imepasuka. Kisha tukaanza kwa Masanja seremala. Aliniomba atoe mbegu zake za karanga kwanza. Nilikataa. Mkewe aliingia ndani, akatoka na mkeka mmoja, kitambaa cha kichwa kinawaka. Tarishi akamnyang'anya akautupia motoni. Harufu ya nywele zake bado ninayo puani.

Kijana wao alikufa bandani kabla ya jua kuzama. Nilimwangalia begani. Hakuna kitu.

Alhamisi, 18 Oktoba

Wawili zaidi. Na bibi Nyamizi anaingia bandani bila kitambaa, anawanywesha uji, anawafukuza nzi. Hapati kitu, kwake ndui ilishapita zamani. Nilimwamuru anawe spiriti. Akachota uji mwingine.

Watoto wadogo wanaumwa. Watoto wa miaka miwili. Hao waliosha lini, na nani? Sitaki kulifikiria hili.

Jumamosi, 20 Oktoba

Niko hospitali, Tabora. Nimelazwa wodi yangu mwenyewe. Jicho moja linaona.

Ilikuwa jana adhuhuri. Walianza wanawake, na michi ya kutwangia. Tarishi alijaribu kutumia fimbo yake, wakamwangusha karibu na kisima. Walimtwanga. Ndiyo neno, walimtwanga, kwa zamu. Alikuwa akiniita kwa jina. Mimi nilikimbia. Nilisikia jina langu mpaka nilipofika kwenye tuta la reli, halafu sikulisikia tena.

Wanaume walinipata relini. Masanja alinipiga mbavu kwa nyundo ya mbao, polepole, kama anapigilia mguu wa kiti. Wawili wakanishika kichwa. Walifungua chupa yangu ya spiriti wakanimiminia machoni, iliyobaki wakanitia mdomoni. "Kunywa usafi wako." Niliinywa. Nilijikojolea. Wangeniua, nina hakika, na nisingelalamika sana kwa maumivu yale. Aliyewasimamisha ni bibi Nyamizi. Alisema mkimuua ataoza hapa, na mimi nimechoka kubeba maiti.

Genge la reli walinileta kwa toroli. Nawachukia watu wa Kigwa. Ningekuwa na kibiriti na nguvu ningerudi.

Jumapili, 21 Oktoba

Daktari amerudi kutoka Nzega. Amesimama kitandani kwangu na daftari langu mkononi. Hakuuliza mbavu. Aliuliza kama nikishapaka spiriti nilingoja ngozi ikauke. Nilimwambia sikungoja, mimi si mvivu, nilichanja ikiwa bado mbichi ili uchafu usirudi.

Alikaa kwenye kitanda cha jirani yangu, mgonjwa Mhehe, bila kuomba.

Akaniambia. Dawa ya chanjo ni kitu hai. Spiriti inaua vitu hai, haichagui. Niliiua dawa juu ya kila bega. Lengelenge lenye usaha siku ya nane ndiyo chanjo yenyewe imeshika. Mkono safi maana yake mtu hakuchanjwa. Kaliua hawajaugua hata mmoja, na askari wale wale wamepita huko.

Nilimwambia hukusema. Alijibu kwamba alisema, halafu akasema labda hakusema. Nilitaka kumpiga. Sikuweza kunyanyua mkono.

Milka. Spiriti mara tatu.

Jumatatu, 22 Oktoba

Fundi wa reli aliyetoka Igalula amenijia wodini. Mama ana homa tangu wiki iliyopita, na jana vipele vimetoka usoni. Milka analala naye mkeka mmoja. Hajaumwa bado.

Daktari anasema akichanjwa kesho au keshokutwa kuna nafasi. Baada ya hapo hakuna. Yeye anakwenda Kigwa na askari. Nilimwomba aende Igalula kwanza. Tatizo si yeye. Fundi anasema Igalula wameweka walinzi njiani na marungu, habari za Kigwa zimefika. Wakiona mtu wa hospitali wanampiga. Wakiona askari watakimbilia porini na watoto wao, na wa kwangu pia. Jina moja tu linatajwa vizuri kwenye treni. Watoto wa Kaliua wazima, na aliyewachanja ni Luhende.

Nimekwenda mahabusu kwa miguu, nimeshika ukuta. Daktari kanipa barua ya kumtoa. Luhende alikuwa amekaa chini, vidole vimefungwa na vijiti, vimevimba na kuwa vyeusi. Aliniangalia jicho, akaniangalia mbavu, akacheka mpaka akakohoa. Nilimweleza yote. Spiriti, Kigwa, Milka. Nilifikiri atajitapa.

"Mimi nami sikujua kitu, bwana. Nilikuwa nakunywa tu."

Kisha akauliza mtoto ana miaka mingapi. Nikamwambia. Akanionyesha mkono wake wa kulia. "Nani atashika sindano?"

Mimi. Vidole vyake nilivivunja mwenyewe.

Jumanne, 23 Oktoba

Tulishuka Igalula saa nne asubuhi. Walikuwa wanne njiani, watu nilioimba nao kanisani. Mmoja alinitambua akarusha jiwe, likanipata shavuni. Luhende alisimama mbele yangu, akataja jina lake. Walisita. Wakasema yeye apite, muuaji arudi.

Luhende akaniambia, "Waambie." Sikutaka. Nilitaka aseme yeye kwamba dawa ya kwanza ilikuwa mbovu imetoka pwani hivyo. Ningeweza kuishi na uongo huo. Akaniambia tena, waambie, au tunapanda treni ya kurudi.

Nikawaambia. Dawa ilikuwa nzima. Niliiua mimi kwa spiriti. Watu wa Kigwa hawakuosha, nilimpiga mtu mpaka akasema uongo. Dawa ya mwanangu niliiua hivyo hivyo. Walinipiga wakati naongea. Rungu la bega, mateke. Niliendelea kuongea nikiwa chini, sijui nilisema nini tena. Luhende aliwaacha kidogo. Nilimwona, aliwaacha kwanza. Halafu akawaambia basi, mkono wake nauhitaji.

Mama yuko ndani, uso si wake. Alinijua kwa sauti. "Marahaba," alisema, kabla sijaamkia. Milka alikuwa amekaa karibu naye, anampepea kwa ungo.

Nilimtoa nje. Luhende aliagiza, mimi nikafanya. Maji ya mtungi. Sabuni kidogo. Ngoja. Nikasema imekauka. Akasema ngoja. Watu wote wamesimama wanatazama bega la mtoto likikauka juani. Sindano ikapita motoni, ikapoa. Kwa jicho moja nilishindwa kuweka tone mahali pake. Luhende akanishika kifundo kwa mkono wake mzima wa kushoto. Tulichanja pamoja. Spiriti ilikuwa kwenye sanduku na nikaona vidole vyangu vinaifuata. Aliufunga mfuniko kwa goti.

Milka hakulia. Aliuliza kwa nini leo haichomi.

Baada yake wengine walileta watoto. Nimechanja mpaka dawa ikaisha.

Ijumaa, 26 Oktoba

Kigwa. Nilikwenda na Luhende. Askari wa daktari waliwafukuza watu porini siku ya Jumanne, wakapiga waliowapata, wakachanja wachache. Tumewakuta wanarudi mmoja mmoja.

Nilisema yote tena, mbele ya mwanangwa. Nilingojea kupigwa. Ingekuwa rahisi. Masanja alinisikiliza mpaka mwisho. Nyumba yake ni majivu, kijana wake yuko chini, mkewe amefunga kichwa kizima. Aliondoka akarudi na jembe, akalitupa miguuni pangu. Nyuma ya banda kulikuwa na watu watano hawajazikwa, hakuna aliyethubutu kuwagusa. Nimechimba. Mbavu zilinifanya nitapike. Udongo wa Oktoba ni mwamba. Bibi Nyamizi alikaa kwenye kivuli cha banda akinitazama, akaniambia mara moja tu kwamba kaburi ni fupi, ongeza.

Wa mwisho ni yule wa kihenge. Kaka yake alisimama pembeni na lile sikio. Sikuweza kumwangalia.

Luhende anawachanja kwa kuelekeza. Amemfundisha kijana wa mwalimu wa katekisimu kushika sindano, mimi hawataki niwaguse. Wana haki yao. Bibi Nyamizi anapita nyuma akikagua kama bega limekauka.

Jumapili, 28 Oktoba

Igalula. Siku ya tano. Bega la Milka lina doa jekundu, dogo kama punje ya ulezi. Au limekunwa. Sijui. Nimeliangalia mara kumi, mpaka amenikasirikia.

Paji lake la moto. Luhende anasema chanjo ikishika huleta homa. Ndui nayo huanza na homa. Nimemwambia asiniambie kitu. Nilipiga ngumi nguzo ya nyumba mpaka vumbi la nyasi likatuangukia. Milka akajificha nyuma ya Luhende. Ananiogopa. Ana sababu.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mama amefariki asubuhi. Nimemwosha mimi, hakuna mwingine anayetaka. Nimemwosha kwa maji. Nilimchanja kwa mkono wangu, na alisema naharibu dawa, na nilimwambia anyamaze.

Tumemzika kabla ya adhuhuri. Wimbo tumeimba wawili, mimi na Luhende, naye Mkatoliki hajui maneno.

Jumatano, 31 Oktoba

Mawingu upande wa Goweko. Bado haijanyesha.

Milka ameamka bila homa. Ameomba viazi. Nilimketisha mlangoni penye mwanga, nikafungua kitambaa nilichomfunga begani. Lengelenge limejaa, duara, kitovu katikati, jekundu pembeni. Ndani usaha mweupe. Nzi mmoja akatua, nikamfukuza.

Alisema linauma na akauliza kama ni baya. Nilimwambia si baya. Alitaka nilitumbue. Nikamwambia hapana, tuliache.

Luhende yuko uani anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nimekaa na Milka mlangoni asubuhi yote, nafukuza nzi.